Mwanangu, anza na ratiba ya masomo

Kamwene, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikichambua mboga barazani. Unamaliza chuo cha miaka miwili hapo Minneapolis, unataka kuhamia pengine ukasome hisabati, na unauliza: utafute chuo cha Kikristo, au utafute penye hesabu nzuri na kusali utasali popote? Baba yako alijibu kabla hujamaliza kuuliza: cha kanisa. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, kwa hiyo nivumilie.

Jina la mtakatifu getini halifundishi mtu. Nikiwa kidato cha tano, shule ya misheni, mwalimu wa hesabu aliondoka Februari. Mkuu wa shule akatuambia tuombe. Tukaomba kweli, tena kwa magoti, na mwingine akafika Septemba! Ila huyo aliyefika alikuwa sista, na ndiye aliyenitia ualimu. Alikuwa anathibitisha jambo ubaoni mpaka mwisho, anafuta lote, anavunja chaki vipande viwili, kimoja anakupa: "Haya, sasa wewe." Ukikwama hasemi neno. Anasimama pale na kipande chake mkononi, darasa kimya, mpaka uone mwenyewe ulipoteleza. Kwenye ukumbi wa watu mia tatu hiyo chaki huipati, ndiyo maana vyuo vidogo vya makanisa sivibezi.

Vipeperushi achana navyo, vyote vina wanafunzi wanaocheka chini ya mti. Omba ratiba ya masomo ya miaka miwili ijayo. Humo tafuta aljebra dhahania, ile inayochunguza kanuni zenyewe za hesabu, na analisia, lile somo linalothibitisha yale tuliyoyapokea kwa imani kwenye kalkulasi. Vyuo vidogo vingi hulifundisha mwaka huu, mwakani wanaliruka. Anayeanza mwaka wa kwanza hapati shida. Wewe unaingia mwaka wa tatu. Ukikuta ndio mwaka wa kuruka, utalisoma mwaka wa mwisho, na maombi ya uzamivu mengi yanafungwa Desemba, wakati hujapata hata alama ya kuonyesha.

Wale wageni wa Bega kwa Bega, ushirika wa dayosisi yetu na Walutheri wa huko Minnesota, hawaishi kukitaja chuo cha St. Olaf, pale Northfield, kusini yako kama kilomita 65. Walutheri wahamiaji kutoka Norwe waliianzisha 1874. Hesabu pale si somo la pembeni: Lynn Steen, aliyekuwa rais wa MAA, chama cha hisabati cha Marekani, 1985 na 1986, alikuwa mwalimu wao. Tena ofisi ya Marekani ya ule mpango wa Budapest iko hapohapo. Mwanafunzi anakwenda Hungaria muhula mzima kusoma hesabu tupu, kwa Kiingereza. Kanisa lipo, ila hakuna anayekuburuza ibadani.

Wheaton, kule Illinois, ni namna nyingine. Ndiko walikokutana wanahisabati Wakristo mwaka 1977, mkutano uliozaa chama chao, ACMS. Lakini pale mwanafunzi anasaini agano la mwenendo, na walimu wanasaini ungamo la imani. Lisome lote kabla hujashika kalamu. Nakujua wewe na mdomo wako.

Ada iliyoandikwa isikutoe jasho mpaka uone barua ya msaada, maana wengi hawalipi yote. Ila uliza waziwazi msaada wa anayehamia. Mara nyingi ni mdogo kuliko wa anayeanza.

Kwangu mimi, hesabu itangulie. Baba yako usimwambie hivyo, mwambie tumeafikiana. Ukitembelea chuo, omba kuingia darasa la mwaka wa tatu, ukae nyuma, uangalie nani ameshika chaki. Kisha nipigie, hata kama huku ni usiku.

Baba anasalimu. Amesikia St. Olaf wana kwaya tangu 1912, sasa anauliza kama wana upungufu sauti ya tatu.

Mama yako