Kupima unga wa keki kwa kibaba na kikombe cha chai

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi huoka keki nyumbani na sina mizani. Unga naupima kwa kibaba cha bati nilichorithi kwa bibi, na sukari kwa kikombe cha chai. Maelezo ninayofuata yanataka gramu 250 za unga wa ngano, gramu 200 za sukari, gramu 200 za siagi, mayai 4 na vijiko 2 vya chai vya baking poda. Vyombo ni vilevile kila mara, lakini keki moja hutoka laini, nyingine hupasuka juu na kukauka. Je, ninunue mizani? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Mizani ukiipata ni heri, lakini kwa keki hii si lazima, kwa sababu tatizo lako, kwa maelezo uliyotoa, haliko katika vyombo bali katika namna unga unavyoingia ndani yake.

Kibaba kilitengenezwa kwa ajili ya nafaka. Pishi moja ina vibaba vinne, na kwa kuwa wengi leo hukadiria pishi ya zaka ya fitri kuwa kilo mbili na nusu, kibaba kimoja cha mchele ni zaidi kidogo ya gramu 600. Uzito huo usiuhamishie kwenye unga wa ngano, ambao ukishachekechwa huwa mwepesi kuliko mchele kwa zaidi ya theluthi katika chombo kilekile. Tena wazee walitofautisha kibaba cha tele, kilichorundikwa hadi kikawa na kichuguu, na kibaba cha mfuto, kilichokatwa sawa na ukingo. Muuza mchele mkarimu hupima kwa tele; mwokaji hana budi kupima kwa mfuto siku zote.

Kwa keki yako tumia kikombe, lakini kwanza ukijue. Chukua chupa ya maji ya nusu lita na uimimine ndani ya kikombe hicho: ikijaza vikombe viwili kamili, kikombe ni cha mililita 250; ikijaza viwili na nusu, ni cha mililita 200, ambacho ndicho kikombe cha chai cha nyumba nyingi. Nitachukulia kwamba chako ni hicho cha pili.

Sasa chekecha unga kwenye sinia, uteke kwa kijiko na kuuachia uanguke kikombeni bila kukitikisa wala kukigongagonga mezani, kisha upitishe mgongo wa kisu juu ya ukingo. Kikombe hicho kitakuwa na takribani gramu 100, hivyo vikombe viwili na nusu ndivyo gramu 250 unazotakiwa. Ukikizamisha kikombe ndani ya mfuko wa unga na kukishindilia, kila kikombe chaweza kufikia karibu gramu 130, nawe utakuwa umeweka zaidi ya gramu 300 bila kujua. Unga huo wa ziada hunywa majimaji ya mayai, rojo likawa zito, na keki ikapasuka na kukauka. Ukitaka kuhakikisha, fungua pakiti ya kilo moja na uhesabu: inapaswa kutoa vikombe kumi hivi.

Sukari haishindiliki kwa urahisi, kwa hiyo haina ukorofi huo. Kikombe kimoja cha mfuto ni kama gramu 170. Ongeza vijiko viwili na nusu vya chakula upate 200.

Siagi ndiyo wengi huikadiria kwa macho, nami siipendi tabia hiyo. Chukua jagi linaloonyesha ndani, mimina kikombe kimoja cha maji, weka alama. Mimina cha pili, weka alama nyingine. Kisha yapunguze maji hadi alama ya kwanza. Tumbukiza vipande vya siagi mpaka maji yafike alama ya pili. Maadamu siagi inaelea bila kugusa kitako cha jagi, husukuma maji yenye uzito sawasawa na wake, hivyo hizo ni gramu 200. Itoe na uifute maji kabla ya kuipiga na sukari.

Mayai ya kienyeji ni madogo. Ukiyatumia, weka matano badala ya manne ya kisasa.

Baking poda haitaki makadirio kabisa. Vijiko vya chai vya nyumbani hutofautiana sana, ilhali kijiko kinachokusudiwa katika mapishi ni mililita 5. Kijiko cha plastiki kinachouzwa pamoja na dawa ya maji ya watoto huwa na alama hiyo. Kioshe, kikaushe vizuri, na ukitumie kwa mfuto.

Kibaba cha bibi usikitupe. Kitumie kwa mkate wa kumimina, ambapo kinachotakiwa ni uwiano tu: kibaba kimoja cha mchele kwa nusu kibaba ya sukari, vyote kwa chombo hichohicho. Hamira yake, hata hivyo, ipime kwa kile kijiko cha mililita 5.