Mkaangaji kahawa na mtambo wa wakulima

SWALI: Tunakaanga kahawa Dar es Salaam. Tunataka mkataba wa miaka 10 na AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya Mbinga, tuwajengee mtambo wa kumenya kahawa mbivu. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzieni na maji na vichanja vya kukaushia, mashine baadaye. Kilo 5 za kahawa mbivu hutoa takriban kilo 1 ya kahawa kavu ya maganda (punje zilizomenywa, zikiwa bado na ganda la ndani), na kilele cha mavuno huleta mzigo mwingi kwa wiki chache tu. Hapo vichanja ndivyo hukwama kwanza: kahawa ikirundikwa nene huota ukungu, na hakuna ukaangaji utakaoondoa harufu hiyo.

Kahawa imenywe siku ileile iliyochumwa. Mashine ikibana mno hukata punje. Ikilegea, matunda hupita mazima. Kwenye kuvundika punje zilizomenywa ili utelezi wake uachie, msitegemee saa pekee, maana usiku wa baridi huchelewesha. Sugueni kiganjani: utelezi ukiisha na punje zikikwaruza, osheni mara moja. Kausheni hadi unyevu wa asilimia 11 au 12. Maji machafu yaende shimoni, kamwe yasiingie mtoni.

Lakini mtambo bora hulala njaa kama wakulima wameshauza kahawa kwa magoma, yaani kwa bei ya chini ingali mtini, ili wapate ada za shule na mbolea. Tengeni fedha za pembejeo kabla ya msimu, na malipo ya awali siku ya kupokea. Gawieni pia miche ya TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Huanza kuzaa vizuri mwaka wa 3, ndiyo maana mkataba mfupi haufai.