Maswali ya Wasomaji: Pampa, Mshairi wa Jumba la Arikesari

Katika toleo lililopita tuliwataja kwa kifupi Pampa, Ponna na Ranna, washairi watatu wa Kikannada wa karne ya 10 ambao kwao India ya kusini wanaitwa Vito Vitatu. Barua nyingi zilizotufikia zinamuulizia Pampa, kwa hiyo safari hii ukurasa ni wake.

Mmeandika kwamba Pampa alizaliwa mwaka 902. Washairi wetu wa zamani wa pwani wengi hatujui hata karne yao. Mwaka huo umepatikanaje? – Msomaji, Tanga

Umepatikana kwa sababu mwenyewe aliutia ndani ya shairi. Katika kitabu chake cha kwanza, *Adipurana*, anasema amezaliwa mwaka wa Dundubhi, na kwamba kazi hiyo aliimaliza mwaka wa 863 wa kalenda ya Saka, mwaka uitwao Plava.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka wa Saka huongezewa 78 kupata mwaka wa kalenda yetu: 863 na 78 ni 941. Tahadhari moja tu: mwaka wa Saka huanza mwezi wa Machi au Aprili, hivyo tukio la miezi ya mwisho ya mwaka huo huongezewa 79. Wengi hukosea hapo kwa mwaka mzima.

Dundubhi na Plava ni majina ndani ya mzunguko wa miaka 60, na jina hurudi kila mzunguko unapokamilika. Plava ya karibuni zaidi ilianza 2021. Ondoa mizunguko 18, yaani miaka 1080, unatua 941, sawasawa na hesabu ya Saka. Dundubhi ya karibuni ilianza 1982. Ondoa 1080 unapata 902. Mshairi basi alikuwa na umri wa miaka 39 hivi alipomaliza kitabu hicho. Tumia majina ya mzunguko wa kusini mwa India. Hesabu ya kaskazini imeachana nayo kwa miaka kadhaa, na ukichanganya hizo mbili majibu hayakutani.

Je, kuna ushahidi wowote juu yake nje ya mashairi yake? Mshairi kujisifu si jambo geni. – Msomaji, Mombasa

Upo, tena wa jiwe. Katika kijiji cha Kurikyala, wilaya ya Karimnagar katika jimbo la Telangana, kuna mwamba wenye maandishi yaliyochongwa kwa amri ya Jinavallabha, mdogo wake Pampa. Yameandikwa kwa lugha tatu: Kisanskriti, Kikannada na Kitelugu. Yanataja baba yao, Bhimapayya, yanautaja ukoo wao uliotoka nchi ya Vengi, na yanathibitisha kwamba Pampa alipewa kijiji cha Dharmapura kuwa tunzo ya ushairi wake. Kijiji hicho hicho kinatajwa katika utenzi wake wa pili. Kwa hiyo jiwe na shairi vinatoa ushahidi mmoja, na mshairi hapaswi kuitwa mzushi.

Ukoo huo ulikuwa wa Kibrahmani, na baba alihamia dini ya Jaini, dini ya kale ya India. Jambo hilo lisipite hivi hivi, maana linaeleza kwa nini Pampa ana vitabu viwili vya namna mbili. *Adipurana* inasimulia maisha ya Rishabha, wa kwanza katika waalimu wakuu 24 wa Kijaini. *Vikramarjuna Vijaya*, ambayo watu huiita Pampa Bharata, ni Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India juu ya vita vya ndugu, iliyotungwa upya kwa ajili ya jumba la mfalme. Mwenyewe anasema kimoja kinaangaza mambo ya dunia na kingine mafundisho ya dini.

Mfalme huyo ni Arikesari wa Pili, wa ukoo wa Chalukya waliokaa Vemulavada, chini ya himaya kubwa ya Rashtrakuta. Hakuwa mtawala mkubwa kwa eneo. Lakini alithubutu kumpa hifadhi mtu aliyesakwa na mfalme mkuu, Govinda wa Nne, kisha akashiriki kumng'oa Govinda huyo kwenye kiti. Pampa anayasimulia hayo, na wanahistoria hulitumia shairi lake kama hati.

Ninaijua Mahabharata ambamo Draupadi ana waume watano. Nimesikia kwa Pampa ana mmoja. Mshairi aliogopa? – Msomaji, Nairobi

Hakuogopa, alikuwa na kazi maalumu. Tangu mwanzo Pampa anamfanya Arjuna, mmoja wa wale waume watano ambao ni ndugu, kuwa sura ya Arikesari. Sifa za mfalme anapewa shujaa, na vyeo vya shujaa anapewa mfalme. Ukishafunga fundo hilo huwezi tena kumwimbia bwana wako mbele ya baraza lake kwamba mkewe ni wa ndugu wanne wengine pia. Basi Draupadi akawa wa Arjuna peke yake. Mwishoni anayetawazwa ni Arjuna, na malkia anayekaa pembeni yake ni Subhadra, mke wake mwingine.

Mabadiliko hayo yana gharama, na msomaji makini huiona. Yudhishthira, kaka yao mkubwa, anapomweka Draupadi rehani kwenye mchezo wa kete, sasa anacheza kamari kwa mke wa mdogo wake, na aibu inakuwa kubwa zaidi. Bhima, ndugu mwingine, ndiye anayeapa kulipiza kisasi na ndiye anayezifunga nywele za Draupadi baada ya kumuua Dushasana, adui aliyemwaibisha, nawe unajiuliza mume yuko wapi. Hadithi ya kale ilikuwa imejengwa juu ya waume watano; ukiondoa nguzo nne paa halianguki, lakini linapinda.

Pamoja na sifa zote za Arjuna, mtu ambaye Pampa anamtungia ubeti wa kukumbukwa kuliko wote ni Karna, yaani adui. Anamwambia msikilizaji kwamba katika Bharata, yaani Mahabharata, asimfikirie mwingine. Akitaka kumkumbuka mtu kwa moyo mmoja, amkumbuke Karna. Kwa maoni yetu hapo ndipo unapoona kwamba mshairi wa jumba hakuwa kasuku wa jumba.

Mimi hutunga tenzi. Nataka kujua mizani na vina vya Pampa, na kama bahari yake moja inaweza kutungwa kwa Kiswahili. – Msomaji, Zanzibar

Swali hili tunalijibu kwa urefu.

Pampa anaandika kwa mtindo wa champu, yaani mashairi na nathari hupokezana ndani ya kitabu kimoja. Katika beti zake kuna kundi la bahari sita kubwa zenye asili ya Kisanskriti, kuanzia silabi 19 hadi 22 kwa mshororo, na kuna kanda, bahari fupi iliyoenea kuliko zote.

Kwanza achana na desturi ya kuhesabu silabi zote sawa. Silabi yenye irabu fupi iliyo wazi ni laghu, huhesabiwa 1. Silabi yenye irabu ndefu, au inayofuatwa na konsonanti mbili, ni guru, huhesabiwa 2. Kosa la kwanza la mgeni ni kutazama irabu peke yake na kuzisahau konsonanti zinazofuata.

Chukua mshororo huu maarufu wa Pampa, pale Arjuna anapofika nchi ya Banavasi: *rankusam ittodam nenevudenna manam Banavasi deshamam*. Maana yake ni kwamba hata akichomwa kwa ndoano ya kuongozea tembo, moyo wake utaikumbuka nchi ya Banavasi. Ni bahari ya utpalamala, silabi 20. Silabi ya kwanza, *ran*, ina irabu fupi lakini ni guru kwa sababu nyuma yake zinakuja n na k. Utaona pia mshororo unaanza katikati ya neno: neno ni *ar*, lililoungana na *ankusam*, na *a* yake imebaki mwishoni mwa mshororo uliotangulia. Kwa Pampa hilo si kosa. Kwetu mshororo ungeambiwa umevunjika.

Vina navyo haviko mwishoni. Viko kwenye silabi ya pili ya kila mshororo, na kinachofanana ni konsonanti. Irabu inaweza kubadilika. Katika ubeti huo wa Banavasi mshororo wa kwanza unaanza *tenkana*, wa mwisho *rankusam*, na sauti ya *nk* inaishika yote miwili. Silabi ya kwanza nayo lazima iwe na uzito mmoja kote: ikiwa guru, iwe guru mara nne.

Sasa kanda. Mishororo ni minne. Wa kwanza na wa tatu una mafungu matatu ya mizani 4, kwa hesabu hiyo ya laghu 1 na guru 2, yaani 12. Wa pili na wa nne una mafungu matano, yaani 20. Jumla ni 64. (Nusu ya kanda ni 32, sawa na ubeti mzima wa utenzi wenye mizani 8 kwa mshororo.) Hesabu mafungu 8 katika kila nusu, kisha uzingatie haya: fungu la 1, la 3, la 5 na la 7 lisiwe na umbo la laghu-guru-laghu, fungu la 6 lazima liwe na umbo hilohilo au liwe laghu nne, nusu imalizikie kwa guru. Na guru isikae nusu katika fungu hili na nusu katika lile. Hilo la mwisho ndilo linaloharibu beti nyingi za wanaojifunza, kwa sababu jumla inatoka sawa na macho hayaoni kasoro.

Kwa Kiswahili tatizo linaonekana mara moja: karibu silabi zetu zote ni laghu. Njia inayobaki ni kuzichukua irabu mbili zinazofanana, kama *aa*, kuwa guru, hasa mwishoni. Tumejaribu ubeti mmoja, tukiufunga kwa konsonanti *l*:

*Kalamu yako imetulia leo,*
*Mali za wakuu zimekwisha, wimbo wako bado unang'aa;*
*Vilima vya Banavasi vyakuita,*
*Kila upepo wa kusi uvumapo, moyo wako unajaa.*

Hesabu: ka-la-mu-ya, ko-i-me-tu, li-a-le-o, ni 12. Kisha ma-li-za-wa, ku-u-zi-me, kwi-sha-wi-mbo, wa-ko-ba-do, u-na-ng'aa, ni 20. Fungu la 6 ni *kwi-sha-wi-mbo*, laghu nne, limeruhusiwa. Sheria zimetimia, lakini mwendo umekuwa bapa, maana katika Kikannada uzuri wa kanda unatokana na guru na laghu kusukumana ndani ya fungu. Kwa hiyo tunakushauri uazime kitu kimoja tu: vina vya silabi ya pili. Jaribu kuviweka kwenye utenzi wa kawaida pamoja na kina cha mwisho, nawe usianze na *wa*, *ya* na *na* za viunganishi, kwani utaishiwa na maneno kabla ya ubeti wa kumi. Konsonanti *l*, *k* na *t* ndizo zenye akiba kubwa.

Mashairi ya karne ya 10 yalihifadhiwaje bila karatasi, na tutajuaje hayakuharibiwa na wanakili? – Msomaji, Bukavu

Yaliandikwa juu ya majani ya miti ya jamii ya mvumo. Majani hukaushwa, huchemshwa, hukaushwa tena, husuguliwa mpaka yalainike na kukatwa vipande virefu vyembamba. Mwandishi hachovyi wino. Hukwaruza herufi kwa kalamu ya chuma, kisha hupaka masizi yaliyochanganywa na mafuta na kufuta, masizi yakabaki ndani ya michoro. Majani hutobolewa, hupitishwa uzi na kubanwa kati ya mbao mbili.

Maadui ni wadudu, unyevu na kukatika kwa pembe. Maneno hayatenganishwi kwa nafasi, kwa hiyo mwanakili akichoka hugawa neno vibaya. Lakini zile sheria tulizozieleza hapo juu ni polisi. Ikiwa silabi ya pili ya mshororo imeliwa na mdudu, mishororo mitatu iliyobaki inakuambia konsonanti yake. Ikiwa fungu lina mizani 5, kuna mtu ameongeza kitu. Kikannada cha zamani kilikuwa pia na herufi mbili, za jamii ya *r* na *l*, ambazo baadaye zilitoweka katika matamshi; wanakili wa karne za mbele waliandika *r* na *l* za kawaida, na vina ndivyo vinavyowaumbua. Pampa Bharata ilichapwa mara ya kwanza 1898, *Adipurana* miaka miwili baadaye.

Je, Pampa aliandika habari za Bahubali baada ya kuiona ile sanamu kubwa ya Shravanabelagola? – Msomaji, Dodoma

Haiwezekani. Sanamu hiyo, yenye urefu wa mita 17 na ushei na kuchongwa katika jiwe moja, ilisimamishwa na waziri Chavundaraya katika miaka ya 980 mwanzoni, miongo minne baada ya *Adipurana*. Katika *Adipurana* Bahubali, mwana wa Rishabha, na kaka yake Bharata wanapimana kwa kutazamana bila kupepesa, kwa kurushiana maji na kwa mieleka. Bahubali anashinda yote matatu, kisha anauacha ufalme na kwenda kusimama msituni. Chanzo cha Pampa kilikuwa kitabu cha Kisanskriti cha Jinasena, cha karne ya 9.