Mito Iliyofunikwa Chini ya Jiji: Majibu kwa Barua za Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi London na ninafanya kazi ya usafi wa ofisi usiku, karibu na Farringdon. Katika mtaa wa Ray Street, mbele ya baa, kuna wavu wa chuma barabarani, na ukiinama hapo unasikia maji mengi yakipita chini kwa kasi. Mwenzangu kazini amenieleza kwamba huo ni mto, na kwamba kuna vijana wanaoshuka huko usiku na tochi na mabuti marefu ili kupiga picha. Amenialika. Je, ni mto kweli? Na nikienda nitakutana na hatari gani?

JIBU: Ndugu msomaji, ni mto kweli, nao unaitwa Fleet. Unaanzia katika chemchemi za Hampstead Heath, kaskazini mwa jiji, ambako maji yake bado yanaonekana katika mabwawa ya Hampstead na ya Highgate. Matawi yake mawili yanakutana Camden Town, kisha mto unapita King's Cross na kufuata bonde la Farringdon hadi Thames, mto mkuu wa London, chini ya daraja la Blackfriars. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666, wasanifu Christopher Wren na Robert Hooke waliigeuza sehemu yake ya chini kuwa mfereji mpana wa kupitisha mashua, lakini mfereji huo haukuleta faida iliyotarajiwa, na watu waliendelea kuutupia taka za nyumbani na za machinjioni. Katika miaka ya 1730 kipande cha kuanzia Holborn hadi Fleet Street kilifunikwa na juu yake kukajengwa soko. Kipande cha mwisho cha kuelekea Thames kilifuata katika miaka ya 1760, wakati daraja la Blackfriars likijengwa, na sehemu za juu zikafunikwa katika karne ya 19 kadiri nyumba zilivyozidi kuenea.

Kufunikwa huko hakukuupunguzia mto nguvu. Mwezi Juni 1862, mafundi walipokuwa wakichimba reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani kando ya bonde hilohilo, Fleet ilipasua kuta zake za matofali na kuyafurika machimbo ya reli, miezi michache tu kabla ya treni kuanza kutembea Januari 1863.

Jambo ambalo huenda mwenzako hakukueleza ni kwamba maji unayoyasikia pale si ya mto peke yake. Katika kiangazi cha mwaka 1858 uvundo wa Thames ulikuwa mkali kiasi cha kuwatesa wabunge ndani ya jengo lao, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa idhini ya kujenga mahandaki makuu ya maji taka, yenye urefu wa kilomita 132 hivi, yanayokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki na kuikata njia ya mito ya zamani kabla haijafika Thames. Tangu hapo Fleet imekuwa sehemu ya mfumo wa maji taka: maji ya chemchemi, ya mvua na ya vyooni hupita pamoja, na katika siku za ukavu yote huelekezwa mashariki kwenye mitambo ya kusafishia. Mvua ikizidi uwezo wa mahandaki hayo, mchanganyiko wote humwagikia Thames, na ndiyo sababu London imejenga handaki jipya la kilomita 25 chini ya mto huo, ambalo viungo vyake vyote vilikamilika mapema mwaka 2025.

Sitakudharau kwa kuvutiwa na mahali hapo. Kazi ya mafundi wa matofali wa karne ya 19 inastahili kutazamwa: mahandaki mengi yamejengwa kwa umbo la yai, upande mwembamba ukiwa chini, ili hata maji yanapokuwa machache yabaki na kasi ya kutosha kusukuma mchanga na taka. Ni ubunifu wa hali ya juu uliojengwa mahali ambapo karibu hakuna mtu angeuona, na ninaelewa kwa nini mtu mwenye kamera anautamani.

Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba usiende, na ninaomba unisikilize kwa makini juu ya sababu zake. Ya kwanza ni mvua. Maji yanayoanguka juu ya lami na mapaa hayana udongo wa kuyanywa, kwa hiyo hufika handakini kwa dakika chache, na mvua hiyo inaweza kunyesha Hampstead huku mtu aliye Blackfriars akiona nyota. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu ya msukumo wake huongezeka mara nne, na maji ya magotini yaendayo kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima kwenye sakafu yenye utelezi. Akishaanguka hana pa kushika, ngazi ya kutokea inaweza kuwa mbali, na vifuniko vya chemba ni vizito mno kuinuliwa kutoka chini, ikiwa gari halijaegeshwa juu yake.

Sababu ya pili inatoka upande wa Thames. Mtu aliyekulia pwani anajua maana ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Thames nayo hujaa na kupwa, na katikati ya London tofauti ya kimo inafika mita saba hivi wakati wa bamvua. Penye midomo ya mito hii pamewekwa milango ya chuma yenye bawaba, ambayo Thames ikijaa hujifunga yenyewe ili maji yake yasirudi ndani. Mlango ukishafungwa, maji yanayotoka juu hukusanyika nyuma yake na kupanda.

Hewa ndiyo inayoua bila kuonekana. Taka zinapooza mahali pasipo na mzunguko wa hewa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, na ubaya wake ni kwamba ikizidi kiwango fulani huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu hudhani imeondoka kumbe imeongezeka. Ni nzito kuliko hewa, nayo hutulia mabondeni na kutibuka matope yanapokanyagwa. Kuna pia methani, ambayo hulipuka. Wafanyakazi wa kampuni ya maji hawashuki bila kipimo cha gesi, mkanda wa kuvutwa nao, mwenzao anayebaki juu, na taarifa za hali ya hewa zinazofuatiliwa muda wote. Vijana wenye tochi na mabuti hawana lolote kati ya hayo, na zaidi ya hayo wanaingia mahali ambapo hairuhusiwi kuingia bila kibali.

Kuhusu maradhi nitasema kwa kifupi: mkojo wa panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda, ile iliyosumbua Mkoa wa Lindi mwaka 2022, navyo huingia mwilini kupitia mchubuko mdogo tu.

Mto huu unaweza kuufuata kwa miguu ukiwa juu, kuanzia mabwawa ya Hampstead hadi Blackfriars, na kwa mtu mwenye jicho la udadisi nadhani hii ndiyo njia bora ya kuujua. Tazama mahali ambapo mitaa ya pande zote mbili inateremka kukutana, na barabara zinazopinda bila sababu ya wazi katikati ya mitaa iliyonyooka. Huko Holborn barabara inavuka juu ya barabara nyingine kwa daraja lililofunguliwa mwaka 1869, kwa sababu bonde la mto bado lipo hata kama maji hayaonekani. Siku nyingine nenda stesheni ya Sloane Square na uinue macho: lile bomba kubwa la chuma linalopita juu ya reli limebeba mto mwingine uliofichwa, Westbourne.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi jijini Dar es Salaam. Nimesoma kwamba Australia kuna watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakitembea ndani ya mitaro ya maji ya mvua. Kwa nini kule inawezekana, na je, nasi tunaweza kuichunguza mitaro yetu hivyo?

JIBU: Tofauti iko katika mfumo. Katika miji kama Melbourne na Sydney, maji taka yana mabomba yake na maji ya mvua yana yake, na mitaro ya mvua ni mahandaki ya zege ambayo mengine yana upana wa kumruhusu mtu kutembea wima, yakiwa na mdomo ulio wazi kwenye kijito au baharini. Kundi la Cave Clan, lililoanzishwa Melbourne mwaka 1986 na vijana, limejulikana kwa kuyapitia, na kanuni yake kuu ni kwamba mvua ikinyesha hakuna kuingia mtaroni. Ni kanuni ya busara, lakini haitoshi, kwa maana aliye ndani haoni mawingu yanayokusanyika juu ya vilima vya mbali, na wapo waliokufa maji katika mitaro ya Australia.

Kwa Dar es Salaam jibu langu ni hapana. Mitaro yetu kwa kawaida ni ya wazi, na sehemu zilizofunikwa ni makalavati ya kupitisha maji chini ya barabara. Makalavati hayo mara nyingi yamezibwa nusu na mchanga, chupa za plastiki na matawi, na maji ya masika yakimsukuma mtu humgandamiza kwenye rundo hilo bila kumpa nafasi ya kupita. Tena, si sahihi kudhani kwamba maji yake ni ya mvua pekee, kwani wapo wanaosubiri mvua ili watapishe vyoo mtaroni, tabia ambayo imekwisha kutuletea kipindupindu mara nyingi mno.

Kwa mwanafunzi wa uhandisi uchunguzi wenye manufaa upo. Mradi wa Ramani Huria wa kuchora ramani za Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazofurika kutembea juu ya mitaro, kupima upana na kina chake, na kuandika mahali inapoziba na mahali inapotokea. Data hizo ziliingizwa katika ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Ndani ya bomba lenyewe mhandisi hutanguliza kamera yenye magurudumu. Ninatamani kuona wanafunzi wengi zaidi wakiendeleza kazi hiyo, hasa katika bonde la Msimbazi.

SWALI: Hapa Nairobi mito yetu inanuka. Kwa nini isifunikwe kama ilivyofanywa Ulaya, na juu yake tupate barabara?

JIBU: Brussels ilifanya hivyo hasa. Baada ya kipindupindu cha mwaka 1866, meya Jules Anspach alisimamia kufunikwa kwa mto Senne kati ya mwaka 1867 na 1871, na juu yake zikapita barabara pana zenye majengo ya fahari. Mto ulifichwa lakini haukusafishwa: mtambo wa kwanza wa kusafisha maji taka ya jiji hilo ulianza kazi mwaka 2000, na wa pili mwaka 2007. Kwa zaidi ya miaka 120 uchafu uliendelea kwenda kwa jirani wa chini ya mto, na aliyekuwa juu hakuona sababu ya kuhangaika.

Seoul nayo ilianza kuufunika mto Cheonggyecheon mwaka 1958 na baadaye ikajenga barabara ya juu kwa juu, kisha kati ya mwaka 2003 na 2005 ikabomoa vyote ili kuurudisha mto juu kwa urefu wa karibu kilomita sita. Gharama ya kukata kauli hiyo mara mbili ilikuwa kubwa, na hata sasa maji mengi yanayotiririka pale husukumwa kwa pampu kutoka mto Han.

Mto Nairobi na matawi yake ya Mathare na Ngong bado yako wazi, na mafuriko ya mwaka 2024 yalituonyesha kiasi cha maji yanayohitaji nafasi. Handaki lina kipimo kimoja, na mafuriko makubwa yakikizidi maji hupanda mitaani. Kinachoondoa uvundo ni kuzuia maji taka yasifike mtoni, na fedha za zege la kufunikia zingefaa ziende huko.

SWALI: Je, yapo mahali ambapo mtu anaweza kushuka kihalali?

JIBU: Yapo. Paris ina jumba la makumbusho ndani ya mahandaki yake ya maji taka, karibu na daraja la Alma, na Brussels ina lake ambapo Senne yenyewe huonekana ikipita chini ya jiji. Brighton, kusini mwa Uingereza, huwa na ziara za kuongozwa. Linalonivutia zaidi liko Kasukabe, karibu na Tokyo, ambako maji ya mafuriko ya mito midogo huingizwa katika handaki la kilomita 6.3 lililo mita 50 hivi chini ya ardhi na kukusanywa katika ukumbi wenye urefu wa mita 177 na nguzo 59, kila moja ikiwa na uzito wa tani 500. Wageni huingia kwa makundi, na mafuriko yakitarajiwa ziara hufutwa.

SWALI: Tunaishi Mwanza karibu na Mto Mirongo. Watoto hufuata mpira ndani ya kalavati. Mmoja akikwama, tufanye nini?

JIBU: Mtu mzima asiingie kumfuata. Katika mashimo na mahandaki, mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeingia kuokoa, kwa sababu ileile ya hewa au maji. Pigeni simu Zimamoto, namba 114, na mseme wazi kwamba ni kalavati. Kama kuna maji yanayotembea, watu wakimbilie upande wa kutokea wakiwa na kamba na mti mrefu, na mwingine abaki upande wa kuingilia akiongea na mtoto ili sauti isimpotee. Uzio au wavu ukiombwa kwa serikali ya mtaa, uwekwe kwa namna inayoweza kufunguliwa na kusafishwa, maana wavu uliozibwa na taka huleta mafuriko majumbani.