Mama, Hiyo Dawa Itoe Kabatini

Wiki hii nimeandikiwa na mama ambaye mwanawe ana selimundu (sickle cell) kama mimi, ugonjwa wa damu wa kurithi. Daktari amempa haidroksiyurea, jirani akamwambia hiyo ni dawa ya saratani, basi vidonge ameviweka kabatini. Ananiuliza: "Dada, wewe unazimeza kweli?"

Nazimeza, dada yangu. Kila siku, tangu niko sekondari, na leo ni mtu mzima mwenye kazi na kwangu. Nalisema hili kifua mbele, maana wapo waliowaambia wazazi wangu, nami nasikia, kwamba wasipoteze ada, huyu miaka 20 hafiki. Sijawasahau.

Nilianza kama wengi wetu: mikono na miguu ilivimba kabla sijatimiza mwaka. Mtoto mchanga hulindwa na hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba hewa, aliyotoka nayo tumboni. Ikipungua, kwenye miezi sita hivi, ile yenye kasoro inashika nafasi, na lawama zote zinamwangukia mama. Si haki. Ugonjwa huu mtoto huupata akirithi kasoro kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wakiwa wabebaji tu, yaani kila mmoja ana kasoro kutoka upande mmoja lakini ni mzima kabisa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kila mimba, hata kama wa kwanza alitoka salama.

Maumivu yangu yalikuwa yakikaa mapajani na mgongoni, shuka likinigusa napiga kelele. Seli nyekundu zinapinda, zinanasa kwenye mishipa midogo, mfupa unakosa hewa. Hospitali moja muuguzi alinitazama nikilia akasema huyu kazoea sindano. Nilikuwa mtoto! Hakuna kipimo cha damu kinachopima maumivu, kwa hiyo mwanao akisema anaumwa, anaumwa, na wewe ndiye wa kusimama hapo kitandani umsemee mpaka apewe dawa.

Sasa hiyo haidroksiyurea. Ni kweli hutumika kwa baadhi ya saratani za damu. Kwetu sisi kazi yake ni nyingine: inauamsha mwili utengeneze tena ile hemoglobini ya utotoni, ambayo inazuia seli zisipinde. Marekani iliidhinishwa kwa wagonjwa wazima mwaka 1998, kwa watoto 2017. Na kama unadhani ni mambo ya mbali, ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo ya Kinshasa, Kenya na Uganda, matokeo yakatoka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria na vifo vikapungua. Jirani yako anajua hayo?

Haifanyi kazi kwa wiki moja. Mimi miezi ya mwanzo sikuona kitu, nikaendelea kwa sababu mama yangu alikuwa akisimama mlangoni mpaka nimeze. Halafu vitanda vya wodi vikaanza kunisahau. Lazima damu ipimwe mara kwa mara, kwani dawa inaweza kushusha seli nyeupe, na daktari hurekebisha kiasi cha dawa kufuatana na majibu. Anayetarajia kubeba mimba azungumze na daktari kwanza. Ila kuificha kabatini, hapana.

Tena usisubiri maumivu ndipo ukumbuke kwamba mtoto ni mgonjwa. Huu ni ugonjwa wa kila siku, utibiwe kila siku. Penisilini ya kinga mpaka angalau miaka mitano, chanjo zote, kinga ya malaria mahali ilipo, maji ya kutosha, asipigwe na baridi. Homa kwake si ya kumpa panadoli na kusubiri asubuhi: wengu wake haukingi vizuri, na maambukizi yanaweza kumuua ndani ya saa chache. Nenda usiku huohuo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, kifua kikibana, au upande wa kushoto chini ya mbavu ukivimba ghafla huku anapauka, nenda pia, usimpigie mtu simu kuomba ushauri.

Sijibu hapa kuhusu dawa za mitishamba ulizotajiwa. Nimepoteza rafiki aliyeacha kliniki kwa ajili ya dawa hizo, na nikianza sitamaliza.

Leo jioni anza kama daktari alivyoandika, kama bado hazijaisha muda. Kesho piga simu kliniki uwaambie siku ulizoruka, wapange tarehe ya kupima damu. Wadogo zake nao wapimwe. Majibu ya kwanza yakitoka, niandikie.