Nishani, medali au tuzo?

Swali: Natafsiri wasifu wa mfanyabiashara wa nafaka wa Ufaransa aliyepewa Ordre du Mérite agricole. Niliandika kwamba "ametunukwa medali ya kilimo". Mhariri amebadilisha: "ametunukiwa tuzo ya nishani". Nani yuko sahihi?

Jibu: Kwenye kitenzi, mhariri. Vitenzi vyetu vinavyoishia na konsonanti na -u hupata -iwa katika kauli ya kutendwa: jaribu, jaribiwa, haribu, haribiwa. Kwa hiyo tunuku, tunukiwa. "Ametunukwa" inasikika siku hizi hata redioni, lakini iache.

Kwenye nomino sikubaliani na yeyote kati yenu. Tuzo hutoka kwa kitenzi tuza, na leo tunaihusisha zaidi na shindano au kazi fulani iliyowapendeza waamuzi. Taasisi yoyote, hata kampuni, inaweza kuitoa. Medali ni kile kipande cha madini chenyewe, na masikioni mwa wengi inaleta picha ya mwanariadha jukwaani. Nishani ndiyo heshima ya dola. Neno hili tumelipata kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni alama, na kwetu linabeba mambo mawili kwa pamoja: hadhi anayopewa mtu na pambo linalobandikwa kifuani pake. "Tuzo ya nishani" ni kurundika maneno tu. Andika nishani, basi.

Heshima unayoitafsiri inastahili neno hilo. Ilianzishwa mwaka 1883, Jules Méline akiwa waziri wa kilimo, ili watu wa mashambani nao watambuliwe na taifa. Louis Pasteur, aliyechunguza magonjwa ya mifugo na ya viwavi wa hariri, ni miongoni mwa walioipata. Utepe wake ni wa kijani, ndiyo maana Wafaransa wameibandika jina la utani la *poireau*, yaani liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu. Jina hilo likitokea katika wasifu wako, usilitafsiri kama mboga ukaishia hapo. Msomaji atadhani mtu wako alizawadiwa kapu la sokoni.

Nishani hii ina ngazi tatu: *chevalier*, *officier* na *commandeur*. Kuzigeuza kuwa "shujaa" na "kamanda" kutaleta harufu ya vita mahali pasipo na vita. Kiswahili cha serikali kina neno zuri tayari, daraja, kama tunavyosema nishani ya Daraja la Kwanza. Angalia tu mpangilio: kwa Wafaransa *chevalier* ndiyo ya chini, kwa hiyo hiyo iwe Daraja la Tatu.

Ukikuta Mérite commercial, usiichanganye na hii. Ile ya biashara na viwanda ilifutwa mwaka 1963, wakati Rais Charles de Gaulle alipoanzisha Ordre national du Mérite, nishani ya jumla ya taifa. Ya kilimo ikabaki.

Jambo la mwisho: kutunukiwa si kuvishwa. Mtu hutunukiwa uamuzi unapotangazwa, na huvishwa siku anapobandikwa kifuani, pengine miezi kadhaa baadaye. Wasifu wako ukitaja tarehe mbili, tumia vitenzi viwili. Ningeandika: "Alitunukiwa Nishani ya Ustahili wa Kilimo, Daraja la Tatu, kwa mchango wake katika kilimo na biashara ya nafaka."