Maswali ya wasomaji: gari-nyumba, barabara na safari ya watu wawili

Mwezi huu barua za safari ndizo zilizojaa mezani kwetu. Tumechagua nne.

SWALI: Asalaam aleikum wahariri. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester na watoto wetu wameshajitegemea. Majirani zetu, mtu na mkewe, mwaka wa sita sasa wanakodi gari-nyumba na kuzunguka kaskazini mwa Scotland kwa njia ileile ya North Coast 500. Tukiwauliza kwa nini hawabadilishi, wanatuambia tu, "Nendeni mtaona." Kuna nini huko? Na sisi tukitaka kwenda mwakani, tujiandae vipi?
*Mama wa watatu, Leicester*

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Milima na bahari vina sehemu yake, lakini mlima ukishauona umeuona. Wanarudi kwa sababu safari ya pili ni nyepesi kuliko ya kwanza, na ya tatu ni nyepesi zaidi. Gari-nyumba lina kazi zake ndogondogo: mmoja anaunganisha umeme, mwenzake anajaza maji, mmoja anashika usukani, mwenzake anasoma ramani na kuinjika chai mkifika. Kwa wazazi ambao watoto wameshaondoka, ni muda mrefu tangu kila mmoja amhitaji mwenzake kwa kazi ya saa ileile. Mwaka wa kwanza mtagombania mahali pa kuweka viatu. Mwaka wa pili viatu vina mahali pake, na nguvu ile mnaitumia kufurahi.

Wasiorudi tena, mara nyingi, ni wale walioendesha kupita kiasi. Njia hiyo ilizinduliwa mwaka 2015, inaanzia na kuishia kwenye ngome ya Inverness, na ina maili 516, takriban kilomita 830. Mtu akiitazama kwenye ramani husema siku nne zinatosha. Lakini sehemu kubwa ya magharibi na kaskazini ni barabara ya upana wa gari moja yenye vituo vya kupishania, na humo gari-nyumba huenda wastani wa kilomita 40 hadi 50 kwa saa. Ullapool hadi Durness ni kilomita 110 tu, lakini zihesabuni saa tatu pamoja na kusimama. Tengeni siku kumi au zaidi, mlale mara mbili kila kambi, na siku ya kuhama msivuke kilomita 170. Siku ile ya pili ndiyo utamu wenyewe: hakuna kufunga mizigo, mnatembea kwa miguu hadi pango la Smoo au mnakaa kutazama maji. Mwezi Juni jua la Inverness huzama baada ya saa nne usiku, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbizana na siku.

Kupishana kuna kanuni yake. Kituo kikiwa kushoto kwenu, ingieni. Kikiwa kulia, simameni mkabala nacho ili anayekuja aingie yeye. Anayepanda mlima apewe njia. Mkiona gari limewafuata nyuma kwa muda, ingieni kituoni lipite. Na msiegeshe humo kula chakula, hata mandhari yawavutie vipi, kwani wenyeji wanaitumia njia hiyo kwenda kazini na hospitali.

Barabara mbili za huko ziacheni. Bealach na Bà, ya kwenda Applecross, hupanda hadi mita 626 kwa kona kali, na bango lililo chini yake linawaonya wenye magari makubwa. Applecross mnaweza kufika kwa kuzungukia pwani kutoka Shieldaig. Ya pili ni B869 ya Drumbeg: badala yake shikeni A837 kisha A894 hadi daraja la Kylesku.

Sasa uzito, jambo ambalo wakodishaji wengi hawalielezi vya kutosha. Aliyefaulu mtihani wa gari dogo Uingereza tangu Januari 1, 1997 anaruhusiwa gari lisilozidi kilo 3,500 likiwa limejaa. Tuseme ukitoa uzito wa gari tupu zinabaki kilo 400. Nyinyi wawili ni kilo 150. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100. Mitungi miwili ya gesi 28, nguo na chakula 80, baiskeli mbili 35, viti na meza 15. Jumla ni 408, mmeshazidi. Dawa yake ni rahisi: endesheni tangi likiwa theluthi moja, mjaze mkifika kambini.

Choo ni cha sanduku la lita 17 hadi 20, na watu wawili hulijaza kwa siku mbili au tatu. Humwagwa mahali palipotengwa kambini, kamwe si kwenye mtaro wala chemba ya maji ya mvua. Wekeni zamu tangu siku ya kwanza. Kazi hii ikimwangukia mmoja safari nzima, mwakani hatataka kusikia neno gari-nyumba. Kwa sababu hiyohiyo kodini gari lenye kitanda cha kudumu. Vitanda vya kukunjua kutoka kwenye viti vya kulia huonekana vyema dukani, lakini usiku wa tano mtu aliyechoka kutwa hataki kuhamisha meza ndipo alale.

Gesi iwe propani. Butani haigeuki mvuke vizuri baridi ikikaribia sifuri, na asubuhi ya Mei huko yaweza kufika hapo. Chumba msikipashe joto kwa moto wa jiko: kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu usingizini. Kabla ya kuondoka na gari, jaribuni king'ora chake kwa kubonyeza kitufe.

Visubi hutoka Juni hadi Septemba, asubuhi na jioni kukiwa shwari. Upepo ukivuma hawaruki, hivyo chagueni kambi ya pwani iliyo wazi. Na nafasi za kambini ziwekeni mapema: sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inampa mtembea kwa miguu haki ya kupiga hema maporini, lakini haki hiyo haihusu magari.

SWALI: Nawasalimu kutoka Muscat. Kila khareefu, msimu wa ukungu na manyunyu huku, mimi na bibi yangu twaenda Salalah kwa gari. Safari hii nilinunua gari-nyumba lililotumika, lililotoka Ulaya. Friji yake yaganda vizuri usiku nyumbani, lakini tulipofika Haima, katikati ya jangwa, maziwa yalikuwa yameshachacha. Fundi ataka kuongeza gesi ya friji. Nimkubalie?
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Usimkubalie, bwana. Friji za aina hiyo nyingi hazina kompresa. Zinachemsha mchanganyiko wa amonia na maji kwa moto wa gesi au umeme, amonia inapanda, inapoa, kisha inateremka kwa uzito wake yenyewe. Mfumo wote umezibwa kiwandani, hauongezwi kitu. Huenda friji yako ni nzima, ila iko mahali isipotengenezewa.

Kwanza, friji hiyo hushusha joto nyuzi 20 hadi 25 tu chini ya joto la nje. Haima ikiwa nyuzi 45, ndani utapata 20 au zaidi, na maziwa hayawezi kukaa. Pili, kwa kuwa amonia inateremka yenyewe, gari likiegeshwa limeinama upande friji huacha kufanya kazi. Weka pimamaji sakafuni na upande wa chini uweke kabari chini ya tairi. Tatu, gari likitembea friji hula ampia 10 hadi 15 kutoka kwenye betri, na waya ukiwa mwembamba umeme unapotelea njiani.

Kabla ya kutumia pesa, nenda nje utazame matundu mawili yenye viunzi nyuma ya friji. Magari ya Ulaya huwekwa vifuniko vya majira ya baridi, na wenye kuyauza husahau kuvitoa. Vitoe. Kisha funga feni ndogo ya volti 12 ya milimita 120 kwenye tundu la juu, ivute hewa moto itoke nje.

Ikiwa bado haitoshi, na kwa njia ya jangwani tunadhani haitatosha, badilisha uweke friji ya kompresa. Kwenye hali ya hewa ya wastani hutumia kama watt-saa 500 kwa siku, kwa joto la Oman hesabu mara mbili. Betri ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, maana yake ni watt-saa 600. Basi ongeza betri ya pili na paneli ya sola ya wati 200.

La mwisho ni tairi. Magari-nyumba hukaa muda mrefu bila kutembea, na tairi huzeeka huku kashata zake zikionekana mpya. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikipita miaka sita, badilisha kabla ya hizo kilomita 1,000 za kwenda Salalah. Upepo upime asubuhi tairi likiwa baridi, na usilipunguze upepo likiwa moto. Ukishapita Thumrait unateremkia kwenye ukungu na manyunyu ambayo ndiyo watu wanayafuata. Shuka kwa gia ndogo, taa zikiwaka.

SWALI: Mimi na mume wangu hatugombani nyumbani, lakini kila tukifika kambini, kurudisha gari nyuma hutukosanisha. Tufanyeje?
*Msomaji, Toronto*

JIBU: Shukeni nyote wawili kwanza. Tembeeni uwanja mzima, mtazame matawi ya juu, nguzo ya umeme ilipo na ardhi kama ni laini. Kisha mmoja apande. Anayeelekeza asimame nyuma upande wa dereva, mahali anapouona uso wa dereva kwenye kioo cha pembeni. Sheria iwe moja tu: dereva asipomwona mwenzake kiooni, anasimama papo hapo. Ugomvi mwingi hutokana na kupiga kelele huku injini ikinguruma, basi tumieni mikono: mikono miwili iliyoinuliwa ni simama, mkono mmoja unaoonyesha upande ni huko ndiko mkia wa gari uende. Msitumie maneno "kata kulia", kwa sababu hayasemi kama ni usukani au mkia. Na kumbukeni kwamba kipande cha gari kilicho nyuma ya ekseli hutupwa upande wa pili mkikata kona mnapoondoka. Vioo vya taa za nyuma huvunjwa hapo, wakati wa kutoka.

SWALI: Shikamooni. Tumeoana miaka mitatu, tunaishi Dar es Salaam na tuna Prado. Magari-nyumba hapa kwetu ni ghali na hayaonekani. Je, hema la juu ya gari lafaa? Tungependa kwenda Iringa.
*Kijana wa Tabata*

JIBU: Marahaba. Lafaa sana. Anzeni na kitabu cha gari: tafuteni uzito unaoruhusiwa juu ya paa gari likitembea. Magari mengi ni kilo 75 hadi 100, na hema lenyewe ni 50 hadi 70 kabla ya vyuma vya kulishikilia. Kwa hiyo juu pasiwekwe kitu kingine. Nyinyi wawili mkilala humo si tatizo, maana gari lililosimama hubeba paani uzito mkubwa kuliko linaloruka kwenye mashimo.

Boliti za reli zikazeni tena baada ya kilomita 50 za kwanza, kisha kila asubuhi, maana mtikisiko wa barabara ya vumbi huzilegeza. Spana yake ikae ndani ya mlango, si chini ya mizigo.

Gaweni njia. Dar hadi Mikumi ni kilomita 300. Ondokeni saa kumi na moja asubuhi mwache malori ya Chalinze nyuma yenu, na mlale Mikumi siku mbili. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kilomita 50. Fuateni mwendo wa mabango, kwani kumgonga mnyama humo kuna faini inayohesabiwa kwa dola. Usiku msiendeshe kabisa. Kutoka Mikumi hadi Iringa ni kilomita 200, mnapita bonde la mibuyu kandokando ya Ruaha kisha mlima Kitonga. Wakati wa kwenda mnaupanda, hivyo zimeni kiyoyozi na mtazame mshale wa joto la injini. Wakati wa kurudi mnaushuka: ingizeni gia ya pili mkiwa bado juu, msikalie breki. Breki ikishikiliwa muda mrefu mafuta yake huchemka, yakichemka yanatoa mvuke, na pedeli inazama mguuni bila kushika kitu. Mkisikia harufu ya kuungua, egesheni mahali pa wazi msubiri nusu saa. Msimwagie maji.

Kutoka Iringa, mchana mmoja unatosha kuona nguzo za udongo za Isimila, na takriban kilomita 50 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya kuna kambi ya shamba la Kisolanza. Usiku kule ni baridi hasa Juni na Julai. Chukueni mablanketi mazito.

Maji bebeni madumu mawili ya lita 20, yawatosha siku mbili kwa kunywa, kupika na kunawa. Yakae ndani ya gari, chini na karibu na ekseli ya nyuma, si juu. Na mkilikunja hema likiwa na umande, lifungueni jua likitoka siku hiyohiyo. Siku mbili za unyevu ndani ya kifuniko zinatosha kuota ukungu, na madoa yake meusi hayatoki.